Meli Sebuleni

Ikutha, Kitui
9 Julai 1984

Kaka Musembi,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, na wewe unijibu kwa Kiswahili. Ukiandika Kikamba, Mama atampa jirani amsomee kabla sijarudi kutoka shuleni, na jambo hili sitaki alisikie.

Jumamosi Syombua, yule niliyesoma naye, alipita hapa akitoka kuuza vyondo Makindu. Anasema ulimkaribisha chai. Anasema sebuleni kwako kuna tangi la kioo refu kuliko kitanda, limejaa maji ya bahari yaliyoletwa na malori kutoka Mombasa, na ndani yake samaki wa rangi kama kitenge. Katikati ya samaki kuna meli ya chuma iliyolala ubavu, kama imezama. Nikamuuliza kama meli hiyo ina jina. Akasema limeandikwa kwa rangi nyeupe: Zumaridi.

Nilimfanya arudie mara tatu.

Musembi, meli iliyomuua Kisilu, mdogo wetu, umeiweka nyumbani iwe pambo? Wageni wakinywa chai wanaitazama? Unawaeleza nini? Unawaonyesha upande aliofia?

Na bado hajamaliza. Anasema jua la Makindu hukausha maji ya tangi, chumvi ikazidi, kwa hiyo kila asubuhi mnamwaga humo mitungi miwili ya maji matamu. Mitungi miwili, kwa ajili ya samaki! Hapa shimo letu kwenye mchanga wa mto Tiva limepita kimo cha mtu. Mwanamke mmoja anashuka na kata, wengine tunangoja juu mpaka maji yajikusanye, na mara nyingine tunapigana. Mimi, mwalimu, juzi nimevutana nywele na mke wa Mutunga kwa sababu ya nusu mtungi. Watoto darasani wanasinzia kwa njaa. Tunakula mahindi ya njano ya msaada, na Mama yanamuumiza tumbo.

Miaka sita Mama amekataa tufanye ibada ya Kisilu. Anasema mtu ambaye hajaonekana hajafa. Kila gari likisimama barabarani anainua kichwa. Wewe unamfugia samaki.

Nijibu.

Mbinya


Makindu
20 Julai 1984

Mbinya,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nikamaliza nikiwa bado nimesimama kwa hasira. Syombua alikula kwangu akashiba, kisha akabeba maneno badala ya shukrani. Na wewe unamsikiza mchuuzi wa vyondo kabla ya kumsikiza kaka yako.

Kwanza, maji. Maji ya hapa yanatoka kwenye chemchemi. Nisipoyatumia hayatatembea kwa miguu mpaka Ikutha. Usiniwekee ukame begani kana kwamba mimi ndiye niliyefunga mbingu.

Pili, tangi. Miaka kumi na tano nimefanya kazi chini ya bahari, mpaka daktari akaniambia masikio yamekwisha, nisizame tena. Mwalimu akistaafu anabaki na vitabu. Mimi nibaki na nini, mbuzi? Nimelijenga kwa mikono yangu, miaka miwili. Fremu nimechomelea mwenyewe. Kioo cha kwanza kilipasuka maji yakafika jikoni. Samaki wa kwanza walikufa wote kwa siku nne, kwa sababu sikujua kwamba maji ya bahari lazima yakae na mawe na mchanga wake wiki nyingi kabla hayajakubali kiumbe. Sasa jenereta inaendesha pampu ya hewa, matumbawe yameshika kwenye chuma na yanakua, na samaki aina ya kitatange wanapita dirishani mwa meli kama watu walio kwao. Hakuna mtu mwingine kutoka Athi River mpaka Kambu mwenye kitu kama hicho. Masingasinga wa hekaluni hapa walikuja kukitazama kwa heshima. Dada yangu ndiye anayenitukana.

Na meli si pambo. Ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Kila kitu kimepimwa. Ngazi ya chumba cha injini imepinda pale pale inapopinda, na mlango wake wa kushoto una komeo zake tatu. Ukiiona utajua kwamba haikutengenezwa kwa mzaha.

Kuhusu Kisilu, niliwaambia mwaka ule ule wa 1978. Meli ilizama, mkondo ukamchukua, hakuonekana. Mimi nilikuwa na kazi nyingine bandarini Kilindini. Usinirudishe huko tena.

Nimempa dereva Mwangangi gunia la mahindi meupe, kwa sababu ya tumbo la Mama. Atawashushia hapo kituoni.

Kaka yako,
Musembi


Ikutha
2 Agosti 1984

Musembi,

Gunia limefika na Mama amekula. Hiyo ni haki yake, sitakushukuru.

Barua yako nimeisahihisha kama insha ya darasa la saba, na nimepata kosa. Umesema ngazi imepinda pale pale inapopinda. Ngazi ya meli nzima haiwi imepinda, maana watu wanapanda na kushuka kila saa. Imepinda baada ya kuzama. Nani alikuonyesha? Ulituambia kwamba siku zile ulikuwa Kilindini kwa kazi nyingine na hukuiona Zumaridi hata siku moja, wala juu ya maji wala chini.

Usiniandikie habari za samaki. Nieleze hiyo ngazi.

Mbinya


Makindu
21 Agosti 1984

Wifi Mbinya,

Salamu sana. Mimi ni Mwanahamisi binti Salim, mke wa kaka yako. Hatujawahi kuandikiana, na najua sababu. Nilipoolewa na Musembi mlisema amechukuliwa na watu wa pwani na dini yao, ingawa yeye Jumapili huenda kanisani kwenu na mimi sijamzuia. Hayo tuyaache. Leo nakuandikia kwa kuwa barua yako imo humu ndani wiki mbili, imekunjwa mara nne mfukoni mwake, na hataijibu. Namjua.

Wifi, nimechoka kuishi na hiyo meli. Mimi nimezaliwa Likoni, samaki kwangu ni kitu cha kukaangwa. Lakini ndiye ninayewalisha hawa, nasugua kijani kwenye kioo, natia yale maji matamu. Yeye hawatazami. Watu wakija hueleza kwa sauti kubwa, wakiondoka huvuta kigoda, akakaa upande wa kushoto, akautazama ule mlango. Hukaa hivyo alasiri nzima. Siku moja kaa mmoja aliingia kwa juu ndani ya meli, akawa anakwaruza ule mlango kwa ndani, tik, tik, tik. Musembi alitoka nje, hakuingia mpaka nilipomtoa yule kaa.

Uongo mmoja nitauondoa mimi, maana nimeulinda vya kutosha. Hakuwa Kilindini. Kampuni iliyoajiriwa kuopoa shehena ya Zumaridi ilimchukua yeye na wenzake watatu. Walizama wiki tatu, wakitoa nyaya za shaba. Siku ya tatu alirudi nyumbani, nikampakulia, akaniambia, "Ondoa sahani." Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Ondoa tu." Mwezi uliofuata akafanywa msimamizi wa wapiga mbizi wote. Nilishangilia, Mungu anisamehe. Tuliwaalika majirani.

Aliyoyaona chini sijui. Nikimuuliza huchukua kofia akatoka. Muulize wewe uliye damu yake, na umuulize kwa ukali, maana mimi upole wangu ameshauzoea.

Wifi yako,
Mwanahamisi


Ikutha
28 Agosti 1984

Musembi,

Mkeo ameniandikia. Usimguse na usimfokee. Ndiye mtu wa kweli pekee katika nyumba hiyo.

Swali langu ni moja. Ulimwona?

Mbinya


Makindu
10 Septemba 1984

Mbinya,

Nilimwona.

Nimekaa na karatasi hii tangu Alhamisi. Nitaandika yote, na ukishayasoma uniite jina lolote.

Zumaridi ilikuwa inapeleka shaba na saruji Lamu. Kazi ya Kisilu nilimtafutia mimi. Alikuwa anatia mafuta mitambo katika chumba cha injini. Ilipogonga mwamba, wanne walitoka na nahodha wao. Wakasema Kisilu aliruka majini mapema kwa hofu, mkondo ukamchukua. Mimi pia niliamini. Nilipochukua ile kazi niliwaambia wakubwa wa kampuni nataka kuona mahali alipofia, na walijua mimi ni nduguye.

Siku ya tatu nilipita juu ya chumba cha injini. Kuna dirisha la paa lenye vyuma, mtu hawezi kupita. Nikamulika tochi. Alikuwa juu kabisa ya ngazi, bega lake limeegemea mlango. Mkono mmoja ulikuwa umeshika nondo ya ngazi. Maji yalikuwa yanamtikisa kidogo kidogo, na kwa muda nilidhani yuko hai.

Nikazunguka mpaka kwenye mlango. Komeo zote tatu zilikuwa zimefungwa kwa nje.

Nimesema kwa nje, Mbinya. Mlango ule haufungwi kwa nje na maji wala na mwamba. Ulifungwa na mtu, ili maji ya chumba cha injini yasifike kwenye shehena. Labda hawakujua kwamba yumo. Labda walijua. Nilichukua nyundo, nikafungua komeo ya kwanza, nikafungua ya pili. Ya tatu ilikuwa inalegea. Walio juu wakavuta kamba. Ukivutiwa kamba lazima upande.

Nilimwambia mkuu wa kazi, "Mdogo wangu yumo ndani, na amefungiwa." Akanipa sigara. Akasema, "Ukifungua mlango huo, polisi watakuja, kazi itasimama, bima haitalipa, na hakuna mpiga mbizi kati yenu atakayepata kazi tena pwani hii. Wafu hawana haraka. Tumalize shaba, halafu tutamtoa kwa heshima." Kisha akasema, "Sasa shuka uzirudishe hizo mbili kama zilivyokuwa."

Nikashuka, nikazirudisha.

Nilizifunga kwa mikono hii. Yeye alikuwa upande wa pili, umbali wa bamba la chuma. Shaba ilipokwisha, walisema bahari imechafuka, tungoje. Nilipouliza mara ya pili, wakanipa usimamizi. Sikuuliza mara ya tatu. Nyumba hii imetoka hapo, na kioo, na kila kitu unachokisikia.

Sijui kwa nini nilijenga tangi. Mwanzo nilijiambia ni starehe ya uzee. Nilipofika kwenye mlango mikono yangu ilitengeneza komeo tatu kabla sijaamua.

Usimwambie Mama.

Musembi


Ikutha
24 Septemba 1984

Musembi,

Nimemwambia Mama.

Nilimwambia siku ile ile, jikoni, kwa Kikamba, neno kwa neno, pamoja na sigara. Unaniomba nifunge mdomo? Tumefungiwa vya kutosha katika jamaa hii.

Miaka sita! Kila Desemba ulikuja hapa ukakaa kwenye kiti cha Baba, ukala kuku, ukaomba sala ndefu, na Mama akakuuliza, "Hata koti lake halikuonekana?" Ukamjibu, "Bahari ni kubwa, Mama." Nilikuwa nimekaa hapo. Nilikuhurumia! Nilikumiminia chai.

Mgeni akifunga mlango naweza kusema ni mgeni, hamjui Kisilu, hakumbeba mgongoni kwenda kliniki. Wewe ulimbeba. Wewe ulimfundisha kuendesha baiskeli hapa barabarani. Halafu ulitoa shaba, gunia baada ya gunia, ukampita yeye kila siku kwa wiki tatu. Shaba ilikuwa na haraka kuliko yeye. Nimejaribu kukuonea huruma kwa sababu ya ile ngazi, na huruma haiji. Nimekasirika mpaka chaki inavunjika mkononi.

Unataka kujua Mama alisema nini. Hakulia. Alikuwa anapepeta yale mahindi uliyotuma, akaweka ungo chini. Akaniuliza, "Kwa hiyo yuko mahali pamoja? Hajapotea?" Nikasema, "Yuko mahali pamoja." Akaniuliza, "Na Musembi anapajua?" Nikasema, "Anapajua mpaka komeo." Akachukua ungo tena. Baadaye sana akasema, "Mwambie amtoe."

Hayo ndiyo maneno yake. Hakuongeza salamu.

Mbinya


Likoni, Mombasa
3 Novemba 1984

Mbinya,

Sikuandika mapema kwa sababu sikutaka kuahidi tena.

Niko kwa shemeji yangu Hemedi. Alikuwa mmoja wa wale watatu niliozama nao, na yeye pia amezeeka na aibu yake. Kwanza nilikwenda polisi nikaandikisha maneno yote, na jina langu, kama aliyefunga komeo, likiwa humo. Inspekta aliniuliza kama najua kwamba najishtaki. Nikamwambia najua. Ile kampuni imebadilisha jina mara mbili, na nahodha alikwisha kurudi kwao Ulaya. Inspekta alisema kesi itachukua miaka, lakini ruhusa ya kutoa mwili aliandika hapo hapo.

Daktari amekataa nisizame. Hemedi amekataa nisizame. Bahari imetulia, na meli haiko mbali, pima kumi na moja tu, kama mita ishirini kwenda chini. Mwingine anaweza kufungua, lakini mlango ule niliufunga mimi.

Tangi halipo. Mwanahamisi aliwatia samaki katika mapipa, tukaja nao kwa lori la Mwangangi, akawamwaga baharini mmoja mmoja akiwatukana kwa majina aliyowapa. Wengine walikufa njiani, Kibwezi hivi. Meli ya chuma nimeivunja kwa msumeno.

Nikipatwa na jambo baya, mambo yangu yote anayajua mke wangu. Msimfukuze.

Musembi


Likoni
16 Novemba 1984

Wifi Mbinya,

Nakuandikia kwa kuwa Musembi hasikii sikio la kushoto na bado hana nguvu ya kushika kalamu. Ametoka hospitali jana.

Wamemtoa. Siku ya kwanza komeo zilikuwa zimeliwa na kutu na matumbawe yamezifunika, wakarudi mikono mitupu. Siku ya pili Musembi alishuka na msumeno wa chuma, akakaa chini muda mrefu kuliko walivyopatana. Hemedi akavuta kamba. Musembi hakupanda. Akavuta tena. Hakupanda. Nilikuwa kwenye mashua, nikaanza kupiga kelele. Hatimaye kamba ikatikisika, wakamvuta, damu inatoka sikioni na puani, na kifuani amekumbatia gunia kama mtu aliyebeba mtoto.

Ni mifupa, wifi, na mkanda. Sitaki ukifungua sanduku ushtuke. Daktari wa serikali aliona fundo kwenye mfupa wa mkono wa kulia, mahali ulipowahi kuvunjika. Musembi akasema, "Baiskeli."

Tutakuja mwezi ujao, karatasi zikikamilika.

Mwanahamisi


Ikutha
22 Desemba 1984

Musembi,

Jana tulimzika Kisilu. Mvua ilinyesha kaburi likawa linajaa maji, ikabidi wanaume wachote kwa ndoo. Watu wote walikuwepo. Hata mke wa Mutunga. Mkeo alikaa upande wa Mama, amejifunika buibui lake, na hakuna aliyethubutu kusema lolote kwa sababu Mama alikuwa amemshika mkono.

Wewe ulikuwa wapi? Ulishusha sanduku langoni kama mzigo wa reli, ukamwambia mchungaji "nimemleta," ukapanda lori lile lile ukarudi Makindu! Mchungaji aliita ndugu wa marehemu watupe udongo, watu wakageuka kukutafuta, na mimi nikatupa peke yangu. Ulidhani tutakupiga? Labda tungekupiga. Ungekaa upigwe.

Nilipokuwa nimekuandalia matusi yangu ya mazishi, umeninyima hata hayo. Najua ulichofanya kule chini. Najua umepoteza sikio. Nimeyapima, na bado sijui nikuweke wapi. Lakini kukimbia tena, Musembi! Siku hiyo?

Mbinya


Ikutha
8 Januari 1985

Mwanangu Musembi,

Haya ni maneno yangu mimi Mbula, mama yako. Mbinya ndiye anayeandika. Nimemwambia aandike Kiswahili ili mkeo naye asome, maana ameniambia kwamba siku hizi barua huzifungui, yeye ndiye anayekusomea.

Nimelala vizuri tangu tumzike. Gari likisimama barabarani sasa ni gari tu. Hiyo ni kazi yako na ninaijua.

Lakini nimekukasirikia. Usidanganywe na mchungaji akikuambia kwamba mama husahau. Wewe ulijua mtoto wangu aliko, ukaniacha niinue kichwa kwa kila gari miaka sita. Hasira hiyo ni kubwa, na mimi ni mzee, huenda nisiimalize. Mbinya anasema nikusamehe. (Hapana, mimi Mbinya sikusema hivyo. Nilisema awe na amani. Mama anasema ni kitu kimoja, niandike.)

Nimemzika mtoto mmoja. Huyo mwingine hajafa, kwa nini anajificha kama aliyekufa? Unakaa Makindu unangoja niwe nimepoa ndipo uje. Sitapoa. Ukingoja hilo utanikuta kaburini.

Mahindi yameota. Palizi ni wiki ijayo na mgongo wangu hauinami. Njoo na jembe, na mkeo aje. Utalala chumba chenu cha zamani. Asubuhi tutapalilia, na jioni utakaa mbele yangu, upande wa sikio linalosikia, nikuambie yote niliyo nayo juu yako mpaka nichoke. Kesho yake nitaanza tena.

Njoo nikukasirikie nikikuona.

Mama yako,
Mbula
(Na mimi nitakuwepo. Mbinya.)